Rimoti ya gari mtu anafunga mwenyewe, wauzaji ndo watuambie wanatuuzia nini

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika humu kwamba wenye magari tuache kabisa kujifungia rimoti za milango wenyewe, kwamba hiyo ni kazi ya fundi umeme peke yake na asiye fundi akigusa waya ataunguza gari na pengine na nyumba. Ile barua imetisha watu. Jirani yangu hapa Makorora alikuwa kashanunua boksi lake la rimoti, kalirudisha kabatini hata nailoni hajaichana, kila nikimuuliza ananiambia mama ngoja kwanza nipate fundi wa uhakika, na huyo fundi wa uhakika hapatikani maana kila mtu anamsifia wake na kumponda wa mwenzake.

Mimi ni mama wa biashara, nachukua machungwa Muheza naleta soko la Mgandini, gari yangu Probox ile ya hali ya chini kabisa, madirisha ya kuzungusha kwa mkono, milango kila mmoja na loki yake, ukitaka kuifunga unaizunguka gari yote mlango kwa mlango huku jua linakuchoma utosini na vijana wa mzigo wanakusubiri. Nimekulia Ngamiani, baba alikuwa fundi redio, lehemu nimeishika kabla sijajua kusuka nywele. Kwa hiyo siji hapa kusema hii kazi ni ya kitoto. Nasema ugumu wake haupo pale anapoutaja yeye.

Yeye kachanganya vitu viwili. Kuna gari ambazo unakuwa na ufunguo mfukoni tu, unashika kitasa mlango unafunguka wenyewe, unakaa unabonyeza kitufe gari inawaka. Hizo Mercedes-Benz ndo walizitangulia kwenye gari zao kubwa kama 1998, na hizo sawa, mtu asiyejua asiziguse, kila kitu mle kimeungana na kompyuta. Lakini tunazonunua sisi madukani ni aina ya zamani zaidi, ile ya kubonyeza rimoti milango ikafunga ikafungua. Hiyo ilianza kuuzwa na gari ya Kifaransa, Renault Fuego, mwaka 1982, yaani wengine humu mlikuwa hamjazaliwa. Ndani ya lile boksi hamna maajabu. Kuna kipokeo cha mawimbi, kuna kichipu, kuna rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, moja ya kufunga moja ya kufungua, na nyingine ya kuwasha indiketa ili ujue imesikia. Ukibonyeza, rilei inashika kama nusu sekunde inaachia. Basi. Kinachobaki ni wewe ujue ile nusu sekunde unaipeleka wapi.

Hapo sasa, kabla hata ya kwenda dukani, kaangalie gari yako ina nini. Kuna watu wamenunua boksi wakati gari yao ilitoka Japani na kipokeo chake ndani tayari, ila ufunguo uliokuja nao ni ule wa chuma mtupu kwa sababu wa rimoti ulipotelea huko huko kwa mwenye gari wa kwanza. Huyo hahitaji boksi, anahitaji rimoti inayoendana na gari yake na mtu wa kuiunganisha nayo, ni kazi fupi na haikati waya hata mmoja. Uliza hilo kwanza.

Kama haina, angalia kama ina sentroloki. Yaani ukibonyeza swichi ya mlango wa dereva, milango yote inafuata? Kama inafuata, una bahati, mota tayari zimo mlangoni, wewe unatafuta waya mbili tu zinazotoka kwenye ile swichi, wa kufunga na wa kufungua. Na hapa ndo magari yanapoungulia Mhariri, wala si pale alipotuambia yule bwana. Swichi nyingine zinatuma hasi, nyingine zinatuma chanya. Toyota nyingi tunazoendesha hapa mjini swichi inagusisha waya kwenye hasi, kompyuta ya milango inaona hasi imekuja inajua kazi imeanza. Sasa mtu anachukua waya wa chanya wa volti 12 anausukuma kwenye waya unaosubiri hasi, hapo unategemea nini? Kompyuta inakufa af lawama anabebeshwa Mchina.

Kujua ni ipi haihitaji cheti. Chukua mita, ile ya namba, usichukue testa ya balbu maana balbu inavuta umeme mwingi na kwenye nyaya za kompyuta inaweza kuleta madhara. Waya mwekundu wa mita weka kwenye chanya ya betri, mweusi gusa ule waya unaoushuku, mwambie mtoto abonyeze swichi. Mita ikiruka hadi 12 wakati anabonyeza tu na ikarudi akiachia, hiyo ni ya hasi. Kama hamna kitu, geuza, mweusi wa mita uweke kwenye bodi ya gari, mwekundu uguse waya, abonyeze tena, ikija 12 hapo ni ya chanya. Karatasi la boksi huwa lina michoro, mmoja wa hasi, mmoja wa chanya, mwingine wa gari isiyo na sentroloki, na rangi za nyaya zinabadilika kutoka boksi moja hadi jingine kwa hiyo usije ukafuata rangi alizokuambia mtu kwenye video, fuata karatasi lako.

Na kwenye boksi kuna kitu kidogo watu hawakioni, kidaraja cha plastiki cha kuchomoa, kinachagua rilei ishike muda gani. Mfupi ni wa mota za umeme, mrefu wa sekunde tatu na zaidi ni wa gari za pampu ya upepo kama zile Mercedes za zamani, W124 na wenzake, ambazo milango inavutwa na upepo. Ukikiacha kwenye mrefu wakati gari yako ni ya mota, kila ukifunga mota inasukuma ukuta kwa sekunde tatu, haitamaliza mwaka.

Mimi Probox yangu haikuwa na chochote, kwa hiyo nilichukua seti yenye boksi na mota nne, na nikaongeza mota moja pembeni kwa sababu seti ni ya milango minne na Probox ina wa tano huko nyuma, na huko nyuma ndiko machungwa yaliko. Kitu cha kwanza nililijaribu boksi mezani. Betri, waya mwekundu, waya mweusi, mota moja, bonyeza. Kama halifanyi kazi mezani halitafanya kazi chini ya dashibodi, na kulirudisha dukani likiwa halijakatwa waya ni rahisi kuliko kubishana na muuzaji ukiwa umeshalichanachana.

Mlango sasa. Mkono wa kuzungushia dirisha umeshikwa na klipu ya chuma kwa nyuma, huioni, na watu wanaung'oa kwa bisibisi wanauvunja. Chukua kipande cha kanga kuukuu, kirefu, chembamba, kipitishe kati ya mkono na paneli, vuta huku na huku kama unasugua, uzi wa kanga unainasa klipu inaruka. Weka mkono wako mwingine pale maana ikirukia kwenye mchanga hutaiona tena. Ukitoa paneli utakuta nailoni imegundishwa kwenye bati, ibandue taratibu uihifadhi, usiitupe, mafundi wengi wanaitupa. Ile nailoni ndo inazuia maji yanayoshuka na kioo yasije ndani, na masika ya Tanga mnayajua, ukiitupa utakuja kushangaa kapeti linanuka uvundo na spika zimekufa.

Kabla hujatoboa, zungusha kioo kishuke hadi chini kabisa. Hili nalisema kwa herufi kubwa kama ingewezekana. Kioo kikiwa juu mlango unaonekana una nafasi tele, unafunga mota vizuri, unapiga skrubu, af siku ya kwanza unashusha dirisha kioo kinagonga mota. Kioo kikiwa chini unaona njia yake, unaweka mota nje ya hiyo njia, na skrubu unachagua fupi. Kisha unatafuta kile kijiti cha chuma kinachotoka kwenye kitufe cha loki kwenda kwenye kufuli, seti inakuja na kijiti kingine na kibano kidogo chenye skrubu mbili, unavibana pamoja. Siri ni kijiti cha mota kiende sambamba na kile cha gari. Kikienda mshazari mota inavuta nguvu inapotea pembeni, utasikia inalia tu mlango haufungi, utasema mota mbovu. Vuta kwa mkono kwanza, kama mkono wako unasikia kinakwama basi na mota itakwama.

Mota za milango mitatu, na ile ya nyuma, zina nyaya mbili. Ya dereva ina tano, mbili za mota na tatu za swichi, hiyo ya nyaya tano ndo inaziamrisha nyingine, ukifunga mlango wa dereva kwa ufunguo na wenzake wanafuata. Watu wanaiweka popote, af wanalalamika ufunguo hauamrishi kitu. Na ukimaliza ukikuta milango yote inafunga ila mmoja unafungua, usipaniki, badilisha zile nyaya zake mbili, wa huku uende kule, imeisha.

Sehemu inayochosha kuliko zote ni kupitisha nyaya kutoka mlangoni kuingia ndani ya gari, pale kwenye bawaba. Kuna mpira kama bomba lenye mikunjo, nyaya zinatakiwa zipite mle ndani. Mafundi wavivu wanatoboa pembeni wanapitisha waya kwenye bati tupu, ule mlango unafunguliwa mara ngapi kwa siku? Bati linakata ganda la waya kidogo kidogo mpaka chuma kinagusa chuma. Chukua waya mgumu wa hanga, upitishe kwenye mpira, ufunge waya wako kwenye ncha, paka sabuni ya maji kidogo, vuta. Af acha ulegevu, fungua mlango mpaka mwisho uone waya haujakaza.

Umeme wenyewe nauelezea kwa ufupi maana watu wanauogopa bure. Ukishamaliza kupima kwa mita, toa hasi ya betri kwanza kabla hujakata wala kuunga waya. Kama gari yako ina ea begi subiri kidogo, Toyota wenyewe wanasema angalau sekunde 90, na ukikuta nyaya zenye soketi au ganda la njano chini ya usukani usiziguse, usizipime, usizisogeze, hizo ni za ea begi. Chanya ichukue mahali penye umeme muda wote hata ufunguo ukiwa nje, na fyuzi iwe karibu na pale ulipochukulia umeme, si karibu na boksi. Nimekuta gari ya mtu fundi kaweka fyuzi mwisho wa waya, sasa huo waya wote kabla ya fyuzi unalindwa na nani? Kama karatasi limesema fyuzi ya 15 weka ya 15, ikiungua tafuta sababu, usiweke ya 30, na kile kikaratasi cha pakiti ya sigara wanachoviringisha kwenye fyuzi ndo hicho kinachounguza magari na nyumba aliyoisema yule msomaji.

Hasi funga kwenye bolti la bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, af paka grisi juu. Sisi tunaokaa mji wa bahari chumvi haitusamehi, nenda Raskazone au Sahare uone gari zinavyoliwa chini. Nusu ya rimoti ninazosikia zina wazimu, leo inafunga kesho haifungi, ni kutu kwenye bolti la hasi. Kwa sababu hiyo hiyo siwapendi vile viklipu vya bluu vya kung'ata waya bila kuumenya, bara vinaweza kukaa, hapa kwetu unyevu unaingia kwenye ile jeraha ya waya unageuka kijani. Chomea kwa lehemu, vaa mpira ule unaosinyaa kwa moto. Tepu nyeusi peke yake hapana, joto la hapa linayeyusha gundi yake unakuta waya uko uchi na mkono wako umejaa lami.

Na kuna waya mmoja mwembamba unatoka kwenye boksi hauendi popote. Huo ni antena. Jamani huo waya usikatwe. Fundi mmoja kijana nilimkuta ameushika na plaizi kwenye gari ya mteja, nikamwambia mwanangu huo unaukatia nini, akaniambia mama huu hauna kazi, unaning'inia tu. Baba yangu angelia. Urefu wake umepimwa kulingana na mawimbi, kwa rimoti za megahezi 433 robo ya wimbi ni kama sentimita 17, kwa za 315 ni kama 24, ukipunguza rimoti inaanza kusikika mpaka uguse kioo. Uache umenyooka, mbali na mabati, usiuviringishe kwenye kifundo cha nyaya nyingine ukaubana na tai za plastiki ili paonekane pasafi.

Mpaka hapa mtaona hamna kitu ambacho mtu mzima mwenye mita, bisibisi, drili na siku nzima ya mapumziko hawezi. Na ninayemtetea ni mwenye gari ya kawaida, gari mpya mpya zenye nyaya za mawasiliano ya kompyuta huko waachieni wenye mashine. Lakini kuna jambo moja ambalo hata uwe fundi wa namna gani huwezi kulirekebisha kwa bisibisi, na yule msomaji hakuligusa kabisa, nalo ni namba inayotumwa na rimoti.

Rimoti za bei rahisi kila ukibonyeza zinatuma namba ile ile. Leo, kesho, mwaka mzima. Mtu akikaa karibu na kifaa cha kunasa mawimbi, akakusubiri ufunge gari sokoni, ameshaipata namba yako, anasubiri uingie ndani anairudia. Zile zenye kichipu cha 1527 ndo hivyo, namba zipo milioni moja na kitu, inasikika nyingi, ila anayenasa hana haja ya kukisia. Rimoti nzuri kidogo namba inabadilika kila ukibonyeza, boksi linajua inayofuata na inakataa ya zamani, nyingi za hizo kichipu chake kimeandikwa HCS301 au HCS300. Hata hizo wataalamu wa chuo cha Bochum kule Ujerumani walionyesha mwaka 2008 namna ya kuzivunja, lakini walikuwa wataalamu na vifaa vya maabara, mwizi wetu wa gari za mizigo hajafika huko. Kujua yako ni ipi fungua rimoti kwa bisibisi ndogo, toa betri, chukua simu piga picha kichipu, ikuze usome.

Nilimuuliza muuzaji wa duka moja la spea hapa mjini, duka silitaji, kaka hii namba yake inabadilika au haibadiliki? Akaniangalia akacheka. "Bi mkubwa hizi zote zinafanana, wewe chagua rangi." Nikamwomba anifungulie moja nione, akasema ikifunguliwa imeuzwa. Na bei ya zote mbili alizoniwekea mezani ilikuwa moja! Kweli nilinunua kwingine, na huko nako walikuwa hawajui, ila walikubali nifungue. Karatasi la ndani Kichina mbele, Kiingereza nyuma, na hicho Kiingereza hata mwalimu wa shule angehitaji kusoma mara mbili. Kiswahili hakuna, wakati boksi linauzwa kwa Waswahili.

Halafu wanakuuzia wakisema "hii ni alamu mama, gari haiibiwi". Si kweli. Boksi la rimoti linafunga milango, halizuii injini kuwaka, kile kinachozuia injini isiwake bila ufunguo wake ni kitu kingine kabisa na kama gari haikuja nacho hili boksi halikuletei. Na kuna wezi hawahangaiki kunasa namba, wanawasha tu kifaa cha kuvuruga mawimbi pale maegesho, wewe unabonyeza huku unaondoka na simu sikioni, mlango haukufunga, indiketa hazikuwaka, hukugeuka. Sikiliza mota zilie, geuka uone taa, vuta kitasa. Ufunguo wa chuma usiuache nyumbani, betri ya rimoti inakufa bila kuaga. Na mwenye watoto wadogo ajue mabox mengine ukifungua kwa rimoti, yasipohisi mlango umefunguliwa, yanajifunga yenyewe baada ya nusu dakika hivi, kwa hiyo usimweke mtoto ndani na rimoti juu ya kiti ukafunga mlango ukaenda kumwaga mzigo, kwa jua la hapa hilo si jambo la kusimulia.

Sasa ninachoomba. Badala ya kuwatisha wenye magari, wauzaji waandike juu ya boksi kwa Kiswahili vitu vichache tu: namba inabadilika au haibadiliki, mawimbi ni ya ngapi, fyuzi ya ngapi, na kwamba hili si kizuizi cha wizi wa gari. Wino wa hayo hauzidi bei ya chungwa. Vifaa vinavyorusha mawimbi vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, hivyo tukifika dukani tuulize, na asiyejibu tumwachie bidhaa yake. Na VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, wapo hapa hapa Tanga, wakifikiria darasa la Jumamosi moja kwa wenye magari wa kawaida, kushika mita, kusoma mchoro, kuchomea waya, mimi ada nalipa ya kwangu na ya yule jirani, maana nimechoka kuliona boksi lake kila nikienda kuomba chumvi.

Na wewe Mhariri, kama ukurasa wa magari una nafasi, tafadhali chapisheni mchoro mkubwa wa mota ya nyaya tano na ile ya nyaya mbili zinavyoungana na boksi, usomeke vizuri, watu waukate waende nao chini ya gari. Huyo msomaji naye kama bado anabisha anikute Mgandini asubuhi upande wa machungwa, Probox nyeupe yenye kanga kwenye viti, aje na gari yake na mita, nitampimia waya mbele yake ajionee kama kuna kitakachoungua.

Mama wa Probox,
Makorora, Tanga